Arobaini kwa Themanini

Jumamosi moja asubuhi nilipanda van ya kampuni ya kuuza ploti pale karibu na Archives. Usafiri ni bure, ajenti alikuwa ameniambia kwa simu, na soda utapata. Ndani tulikuwa watu kumi na wawili. Kando yangu alikaa mwalimu aliyestaafu, na nyuma yetu jamaa anayefanya kazi Qatar alikuwa likizo ya wiki tatu na alitaka kurudi akiwa na ploti. Tulikuwa tunaenda Ruiru, mji uliokaa kati ya Nairobi na Thika, ambako nusu ya watu ninaowajua wamenunua, wananunua, ama wanajuta hawakununua mapema.

Shamba lenyewe lilikuwa limekatwakatwa vipande vya futi arobaini kwa themanini. Bikoni zilikuwa mpya, barabara ya murram ilikuwa mpya, hata geti lilikuwa limepakwa rangi.

"Madam, hapa kila kitu kiko," ajenti alisema. "Stima iko, maji iko. Hati iko tayari, ni siku tisini tu. Na mzee? Atakuja kuona, ama umetumwa?"

Nikamwambia mzee ni mimi. Akacheka, akanipa fomu.

Kabla ya kuandika jina nilitembea mpaka ukingoni, mahali ambapo tingatinga halikuwa limefika. Kulikuwa na visiki vya kahawa vimepangwa mstari, vingine vikichipuka tena kana kwamba hakuna aliyeviambia. Hapo ndipo nilipomkumbuka shosho. Alichuma kahawa Ruiru karibu nusu ya maisha yake, na alikufa bila kumiliki hata futi moja ya huo udongo mwekundu. Sio kwamba hakujaribu.

Tukiongea juu ya Ruiru tunapenda kuanza na Thika Road. Ni kweli barabara ndiyo iliyofungua mlango. Ilianza kupanuliwa mwaka 2009, na Rais Kibaki akaizindua Novemba 2012. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Yaani mji uliongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi, ukazipita Kisumu na Eldoret kwa idadi ya watu. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Ruiru bado ni manispaa, na wengi wetu tunaenda huko kulala tu.

Lakini ardhi ya Ruiru imekuwa ikiuzwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya barabara hiyo, na kila awamu ilikuja na karatasi yake.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya serikali ya kikoloni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Walilalamika kwamba muda ni mfupi, na sheria ya 1915 ikawapa miaka 999. Hebu piga hesabu: mtu aliyepewa shamba mwaka 1915 alikuwa amehakikishiwa mpaka mwaka 2914. Mmoja wa wenye mashamba makubwa upande huu alikuwa Mmarekani William Northrup McMillan, ambaye shamba lake la Juja lilimkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, alipokuja kuwinda baada ya kumaliza urais. Kama umewahi kuingia ile maktaba ya McMillan pale katikati ya Nairobi, ni ya ukumbusho wake, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo kusoma.

Waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo walipewa karatasi tofauti. Sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 1915 iliwataka wanaume Waafrika waandikishwe, na kufikia 1920 ilikuwa inatekelezwa: kila mwanaume wa zaidi ya miaka 16 alivaa kipande shingoni, ndani ya mkebe wa chuma, kikiwa na alama za vidole na jina la mwajiri wake. Ukitoroka shamba unasakwa kwa kipande. Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande, na hatushtuki. Mwaka 1921 mahakama ikamaliza kazi. Katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme, na wangeweza kuondolewa akitaka.

Kahawa ilipandwa juu ya uamuzi huo. Jina la Kahawa, kule Kenyatta University ilipo leo, ni kumbukumbu ya mashamba hayo. Mwafrika wa Kiambu aliruhusiwa kuichuma lakini sio kuilima kwake. Mlango wa kuilima ulianza kufunguliwa kwa upana miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Wakati huo shosho alikuwa msichana Githunguri, ndani ya kijiji cha lazima cha wakati wa Hali ya Hatari, kilichozungushiwa mtaro ambao yeye na mama yake walilazimishwa kuuchimba.

Mpango huohuo ndio ulioleta hati za kibinafsi Kiambu. Vipande vya shamba vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, vikaandikwa jina la mtu mmoja. Ukisoma ripoti za serikali za wakati huo, hiyo ilikuwa maendeleo. Lakini familia ya guka walikuwa ahoi, watu waliolima kwenye ardhi ya mbari nyingine kwa ruhusa na kwa ujirani. Ruhusa ya mdomo haikuwa na nafasi kwenye rejista. Hati zilipotoka, kina guka walijikuta wanaishi kwa mtu.

Kwa hivyo walishuka Ruiru kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Waliishi laini, chumba kimoja, vyumba kumi ubavu kwa ubavu, bomba moja la maji. Shosho alilipwa kwa debe. Nyapara alikuwa akitikisa debe ili kahawa ishuke, halafu anakwambia halijajaa, ongeza. Alisimulia hilo akicheka, lakini alilisimulia kila mara.

Uhuru ulipokuja, wengi walidhani mashamba yatarudi tu. Sera ikawa anayetaka kuuza auze, mwenye uwezo wa kununua anunue. Mtu wa kulipwa kwa debe hawezi kununua ekari mia tano. Ndipo zikaja kampuni za kununua ardhi, miaka ya 1960 na 1970: watu mia kadhaa ama elfu kadhaa wanachanga, kampuni inanunua shamba la mlowezi anayeondoka, halafu kila mwenye hisa anasubiri kugawiwa. Ploti zilitolewa kwa kura, unachovya mkono kwenye kofia ama mkebe unatoka na namba. Ukiona hati ya Ruiru imeandikwa Ruiru East Block na namba, kuna uwezekano mkubwa nyuma yake kuna kampuni kama hiyo na kina mama waliolipa kidogo kidogo.

Shosho alilipa. Mama bado ana risiti, karatasi ya waridi iliyokunjwa mara nne. Jina kwenye risiti ni la guka, kwa sababu karani alikataa kuandika la mwanamke mwenye mume, lakini pesa zilikuwa za madebe. Waliambiwa hati iko karibu. Guka akafa. Viongozi wa kampuni wakagombana wao kwa wao, jambo lililotokea kwenye kampuni nyingi, mpaka miaka ya 1980 serikali ya Moi ikaamuru zivunjwe na wanachama wapewe hati zao binafsi. Orodha ya wanachama iliposomwa, namba ya guka ilisomwa na jina la mtu mwingine. Shosho alikuwa na risiti, hakuwa na hati, na mwenye jina alikuwa marehemu. Alirudi kuchuma kahawa.

Halafu kahawa yenyewe ikaanguka. Mwaka 1985 kituo cha utafiti pale Ruiru kilikuwa kimetoa mbegu mpya, Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Miaka minne baadaye, Julai 1989, mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Mbegu inaweza kushinda ugonjwa lakini haishindi soko. Kenya, iliyovuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88, siku hizi hata nusu ya hizo ni shida kufika. Ekari moja ya kahawa ikawa inaleta hasara, na ekari hiyohiyo ikikatwa ploti nane ama kumi inaleta mamilioni. Thika Road ilipokamilika, uamuzi wa mwenye shamba ulikuwa umeshafanyika. Tatu City, mji mzima wa takriban ekari 5,000, umejengwa juu ya mashamba ya kahawa.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimeshika fomu ya ajenti na peni ya kampuni. Nilikuwa na mkopo wa Sacco umeshaidhinishwa na akiba ya miaka sita. Nilitaka sana kuandika jina langu, langu mimi, mahali karani alipokataa kuandika la shosho. Ajenti alikuwa anasema asilimia kumi leo, la sivyo ploti itachukuliwa na mtu wa nyuma. Mwalimu alilipa palepale kwa simu. Mimi nikamwambia ajenti ninipe nakala ya hati, nitalipa Jumatano.

Jumatatu nikaenda kufanya sachi kwenye ofisi ya ardhi. Nikaomba pia nakala ya kadi ya kijani, ile inayoandika kila kilichowahi kutendeka kwenye shamba tangu liliposajiliwa. Kama unataka kusoma historia ya Ruiru, usianze na kitabu, anza na kadi hiyo. Yangu ilikuwa na mistari mitano. Kampuni ya kahawa. Rehani ya benki. Rehani kuondolewa. Kampuni nyingine. Rehani tena.

Huo mstari wa mwisho ulikuwa bado hai. Shamba zima lilikuwa limewekwa rehani, na hakuna mgawanyo wa ploti uliokuwa umesajiliwa. Kwa sheria, ile arobaini kwa themanini niliyosimama juu yake haikuwepo. Muuzaji akishindwa kulipa, benki inaweza kuuza shamba lote, na sisi wenye mikataba ya kununua tunabaki kumdai muuzaji mahakamani. Tungekuwa na risiti.

Nilimpigia ajenti. "Hiyo ni kitu ndogo, madam," akasema. "Mkimaliza kulipa ndio tunalipa benki, halafu hati zinatoka. Siku tisini."

Nilirudia kuisoma ile kadi jioni hiyo, chumba changu cha kukodi Kahawa West. Mistari mitano, na katika yote hakuna mahali palipoandikwa kwamba watu waliishi pale. Wale wa laini waliondoka lini, walipewa muda gani, walienda wapi, kadi haina safu ya hayo. Shosho aliishi kwenye shamba kama hilo miaka ishirini na kitu, akazaa humo watoto wanne. Kama ningelipa, ningekuwa mtu wa kwanza wa familia yetu kujaribu kuingia kwenye karatasi hiyo, na ningeingia kwa njia ileile aliyopitia yeye: pesa mbele, jina baadaye.

Sikulipa. Bado natafuta, na bado natafuta Ruiru. Siku hizi naanza na kadi ndipo naenda kuona bikoni. Muuzaji akikasirika ukimwomba kadi, amekujibu.

Lakini namba ya mwalimu nilikuwa nayo, tulibadilishana kwenye van. Nilimpigia Jumanne usiku, nikamsomea mstari wa tano. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika.

"Binti yangu," akasema, "mimi nilimaliza kulipa jana. Yote. Walinipa bei ya kulipa mara moja."

Ilikuwa pesa ya kustaafu. Nilimuuliza amepewa nini. Akasema amepewa risiti na barua.

Tunaenda naye ofisi ya ardhi wiki hii, halafu kwa wakili mmoja wa chama chetu ambaye amekubali kutuangalilia bila malipo. Kuna kitu kinaitwa zuio, ambacho mnunuzi mwenye mkataba anaweza kuomba kiandikwe kwenye rejista ili shamba lisiuzwe kimyakimya. Hakimtoi mwenye rehani mbele yake, lakini angalau jina lake litakuwa kwenye kadi. Nimemwambia abebe mkataba, risiti zote, na kipande.