Photoshop yako ni ya kitambo? Hizi ndizo plagini mpya zitaingia, na zile hazitawahi

Ukipita studio za picha Migori, Awendo ama Homa Bay, usishangae ukipata mashine inayotoa passport na vitabu vya mazishi bado iko na Photoshop CS6. Wengine wako na 7.0, hiyo ya 2002. CS6 ilitoka 2012 na ndiyo ya mwisho ile unanunua mara moja unamaliza. Kutoka 2013 Adobe walihamia Creative Cloud, kulipa ni kila mwezi. Tena Photoshop za siku hizi zinadai RAM ya GB 8 kwenda juu, wakati CS6 inatosheka na GB 1. Kwa msee wa kompyuta ya mtumba, hiyo hesabu haihitaji calculator.

Noma inaanza ukiona plagini mpya ya kulainisha ngozi huko YouTube. Unachoma bando, unainstall, unafungua menyu ya Filter... hakuna kitu. Ama iko, lakini imefifia, haibonyezeki. Hizo ni shida mbili tofauti, usizichanganye.

Kama haionekani kabisa, angalia kwanza jina la faili linaishia na nini. Ikiwa ni .8bf, hiyo ni aina ya tangu kitambo na uko na chance. Ikiwa ni .ccx, hizo ni za mfumo wa UXP uliokuja na Photoshop 2021. CS6 haitaisoma hata uibembeleze vipi. Wachana nayo, okoa bando.

Kitu cha pili ni biti, na hapa ndipo wengi hukwama. Photoshop ya biti 64 haikubali plagini ya biti 32, na kinyume chake pia ni vile vile. Kwa Windows, biti 64 ilianza na CS4 mwaka wa 2008, kwa hivyo kama uko na CS3 kurudi nyuma, plagini za biti 64 sahau. Lakini watu wa CS6 mara nyingi wako na Photoshop mbili kwa mashine moja bila kujua: moja inakaa Program Files, nyingine Program Files (x86). Tafuta folda ya Plug-ins ndani ya ile inayolingana na faili yako, weka .8bf hapo, funga Photoshop, ufungue tena. Kama baada ya hapo Photoshop inagoma kufunguka, weka alama ya ~ mbele ya jina la folda ya hiyo plagini. Photoshop itairuka.

Kama inaonekana lakini imefifia, mara nyingi plagini haina makosa. Ni picha. Ukifungua bango lililotengenezwa kwa CMYK ya printa, filta kibao zinazima. Ingia Image, Mode, chagua RGB Color na 8 Bits/Channel, halafu ujaribu tena.

Na kabla ujilipue na plagini yoyote, soma ukurasa wa watengenezaji uone inataka Photoshop gani. Mfano ni Nik Collection. Google waliitoa bure Machi 2016, na hiyo ilikubali kuanzia CS4. DxO waliinunua 2017, na matoleo yao mapya yanataka Photoshop za juzi juzi. Jina ni lile lile, lakini ndani mambo yamebadilika.

Ikikataa kabisa, kuna njia ya mlango wa nyuma. Plagini nyingi mpya pia hufunguka zenyewe bila Photoshop. Save kazi yako kama TIFF, ifungue huko, iguze, save, urudi nayo CS6. Utapoteza dakika mbili tatu, lakini kazi inaisha.

Ni sawa na kamera mpya. Camera Raw ya CS6 iliishia 9.1.1, kwa hivyo RAW za CR3 kutoka Canon za kuanzia 2018 haifungui. Adobe DNG Converter ni ya bure, inageuza hizo faili ziwe DNG. Kwa Preferences zake chagua Compatibility ya Camera Raw ya zamani.

Sasa hizo plagini za crack. Buda, hapo chunga. Virusi vya familia ya STOP/Djvu vimesambaa sana kupitia programu za crack: vinafunga kila faili kwa mashine, halafu vinadai pesa. Harusi ya mtu ya Rongo na picha za graduation za mwaka mzima zinaenda pamoja. Weka kopi kwa diski ya nje, na uichomoe ukimaliza.

Plagini ikikubali, irushe kwa leya ya kopi, si picha yenyewe, halafu shusha Opacity. Hizi filta hupenda kupausha ngozi, na hakuna familia Nyatike inataka mzee wao kwa bango akikaa kama mtu wasiyemjua. Na majaribio fanya Jumatatu. Ijumaa ya mazishi ya Jumamosi, guza tu zile filta unazijua.