Uzamili wa Uhandisi wa Ujenzi katika Bara la Mombasa

Uzamili wa uhandisi wa ujenzi ni masomo ya baada ya shahada ya kwanza, ambayo mhandisi huyafuata ili abobee katika tawi moja: miundo, udongo na misingi, barabara, au maji na majitaka. Kwa watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe masomo haya yana kioja chake. Shahada hufuatwa mbali, ilhali maswali yake yamelala nyumbani, chini ya nyayo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichotokana na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa na kupata hati ya chuo kikuu 2013, kiko Tudor, kisiwani. Hata hivyo, njia iliyozoeleka kwa uzamili wa ujenzi ni kupanda hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho chimbuko lake ni Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichopokea wanafunzi mwaka 1956, au chuo cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja.

Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa darasa na mitihani, wa pili ni wa utafiti na tasnifu. Uzamivu, hatua inayofuata, hauchukui chini ya miaka mitatu, na miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 humtaka mtahiniwa awe amechapisha angalau makala mbili katika majarida ya kitaaluma. Jambo moja lafaa lijulikane mapema: uzamili si sharti la kusajiliwa kuwa mhandisi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, anayetafuta usajili wa mhandisi mtaalamu huhitaji shahada ya kwanza inayotambuliwa na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu. Anayetaka muhuri wa usajili tu asilipe ada ya miaka miwili kununua kitu ambacho kazi ya saiti ingempa huku ikimlipa.

Anayetaka kuchunguza, lakini, atashiba. Changamwe imekaa juu ya mwamba wa matope yaliyogandamana, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 145, na wanajiolojia wameupa jina la mtaa wenyewe. Mwamba huo ukioza huacha udongo wa mfinyanzi, na udongo wa namna hiyo huweza kufura wakati wa masika na kunywea jua linapowaka, ukuta ukapasuka kuanzia pembe ya dirisha. Kuupima kunahitaji subira. Sampuli huchimbwa bila kuvurugwa, ikazibwa kwa nta pande zote mbili ili unyevu usitoroke njiani kwenda maabara. Huko hukatwa kipande chembamba, kikatiwa ndani ya pete ya chuma na kulowekwa. Kisha hupandishwa mzigo, na mwanafunzi husoma saa ya kupimia baada ya sekunde chache, dakika, nusu saa, mpaka kesho yake wakati ule ule. Ndipo huongeza mzigo maradufu na kuanza upya. Sampuli moja hula wiki nzima.

Changamwe hiyo hiyo ina Makupa. Kwa miongo mingi tuta la barabara lilizuia maji yasipite kati ya hori la Tudor na lile la Port Reitz, hadi daraja lilipofunguliwa 2022 na mkondo ukarudi. Ni nadra kupata mahali ambapo mtafiti wa mikondo na mashapo anaweza kulinganisha kabla na baada.

Likoni ni darasa la zege na chumvi. Nguzo ya gatini huliwa zaidi pale maji yanapojaa na kupwa, kwa sababu chuma kilicho ndani hupata chumvi na hewa kwa zamu. Mtafiti mwenye akili hungoja bamvua, maji yapwe kabisa, ndipo ashuke. Zege lililovunjwa papo hapo hunyunyiziwa finoftalini: panapogeuka rangi ya waridi ualkali unaokinga chuma bado upo, pasipogeuka kinga hiyo imekwisha. Hapo kuna pia suala lenyewe la kuvuka kwenda kisiwani. Maafa ya feri ya Mtongwe ya Aprili 1994 yaliua watu zaidi ya 250; daraja la kuelea la waenda kwa miguu la Liwatoni lilifunguliwa 2021; na barabara ya Dongo Kundu, yenye daraja la Mteza la kilomita 1.44, imewapa magari njia ya kuizunguka feri. Daraja la juu ya mlango wa Likoni limesanifiwa kwenye karatasi tu.

Kisauni imesimama juu ya matumbawe, jiwe lenye vinyweleo. Visima na vyoo vya shimo vimo katika mwamba mmoja, na uchafu husafiri kutoka kimoja hadi kingine. Ukivuta maji kupita kiasi, bahari nayo huingia. Utafiti wa maji ya chini ya ardhi ya Kisauni umekwisha fanywa, lakini watu wanaongezeka na mashimo yanaongezeka.

Fedha ndiyo humaliza safari za wengi. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika iliyoko Juja, iliyoanza kufundisha 2012, hutoa uzamili na uzamivu wa uhandisi wa ujenzi kwa ufadhili. Taasisi ya IHE ya Delft, Uholanzi, iliyoanzishwa 1957, hufundisha uhandisi wa maji na huwafaa wenye maswali ya Kisauni. Japani, iliyokopesha pesa za Dongo Kundu, ina mpango wa ABE unaowapeleka vijana wa Kiafrika kusoma uzamili huko na kisha kufanya mafunzo katika makampuni yake.