Lugha ya Mikono Kambini

Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, husifiwa kwa hesabu: kilomita 1,860, madaraja, mahandaki. Sisi walimu wa lugha yatupasa kuuliza jingine: wale maelfu ya wajenzi kutoka China waliishije, na walisemaje na wenyeji?

Waliishi kambini pasi na wake wala watoto, wakilima mboga zao wenyewe. Wakalimani walikuwa haba mno. Basi fundi alishika chombo, akatenda, na kibarua wa Kitanzania au Kizambia akaiga. Maneno yalifuata baadaye, nayo yalikuwa ya kazi tu. Baina ya Mlimba na Makambako, penye milima na mabonde makali, ishara isiyoeleweka ingeweza kuua. Lakini kazi ilipokwisha kila upande ulirudi kwao. Na hapo, kwa maoni yetu, ndipo Kiswahili kilipokosa nafasi, kwani hapakuwa na baraza la jioni.

Wachina zaidi ya 60 walifariki katika ujenzi huo. Baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.