Faili lako limefika au bado liko njiani?

Wasikilizaji wetu wengi hutupigia wakiuliza: "Nimetuma sauti tangu asubuhi, mbona hamjaicheza?" Tukiangalia hapa studio, mara nyingi hakuna kitu. Sauti bado iko kwenye simu ya mtumaji, na kipindi kimeshapita. Hizi hapa alama za kukuonyesha faili lilipofika.

Kupakia ni nini?
Simu huligawa faili vipande vidogo na kuvirusha mnarani. Kutoka hapo huenda kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya wenye programu. Kiduara kinachojaa huonyesha sehemu iliyokwisha kuondoka.

Mbona hukwama kwenye asilimia 99 au 100?
Programu nyingi huhesabu vipande ambavyo simu imevitoa, wakati seva bado haijathibitisha kuvipokea. Ni kama kumkabidhi kondakta mzigo: umetoka mkononi mwako, lakini hujapigiwa simu kwamba umefika.

Alama za WhatsApp
- Saa ndogo: ujumbe bado uko kwenye simu yako.
- Tiki moja ya kijivu: umefika kwenye seva.
- Tiki mbili za kijivu: umefika kwenye simu ya mpokeaji.
- Tiki mbili za buluu: umesomwa. Kama mmoja wenu amezima taarifa za kusoma, hazibadiliki rangi.

Itachukua muda gani?
Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, ukubwa wa faili kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, sauti ya KB 500 huchukua kama sekunde 8. Video ya MB 10 huchukua kama dakika 2 na sekunde 40.

Ufanye nini?
- Usikimbilie kufuta na kuanza upya. Bando lililokwisha kutumika halirudi.
- Sogea penye mtandao mzuri, na uache programu ikiwa wazi. Simu nyingi husimamisha programu iliyofichwa ili kuokoa chaji.
- Usifute faili kwenye simu kabla ya kuona tiki.
- Kwa maombi ya mkopo au kazi, subiri ujumbe wa kuthibitisha, kisha piga picha ya skrini. Usingoje saa ya mwisho.

Ukituma sauti kwetu, tazama tiki. Zikiwa mbili, jua imefika studio.