Makaburi ya Luanza: Mkusanya-watu na Waliokusanywa

Katika wilaya ya Pweto, ukingoni mwa Ziwa Mweru upande wa magharibi, pana Luanza, kituo cha misheni kilichoanzishwa na Dan Crawford, Mskoti wa dhehebu la Ndugu wa Plymouth. Crawford alifariki papo hapo mwezi wa Juni 1926. Wenyeji walimwita Konga Vantu, maana yake Mkusanya-watu. Jina hilo ni hati ya historia, nalo lazusha swali: waliokusanywa je, nani awakumbukaye?

Asili yao yafahamika. Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri, mfalme wa Wayeke, aliuawa na msafara wa Kapteni Stairs. Mji wake wa Bunkeya ukaingiwa na njaa, watu wakatawanyika. Baadhi yao, wakiwamo waliokuwa wameletwa Bunkeya kama mateka kutoka nchi mbalimbali, walifuatana na wamisionari hadi Lofoi, kisha ziwani. Hao ndio waliojenga Luanza. Tena, tafsiri ya Biblia katika Kisanga, inayohesabiwa kuwa kazi ya Crawford, isingaliwezekana pasipo vinywa vya wenye lugha.

Jina la Crawford limo vitabuni. Hata jiwe la kaburi lake likianguka, historia yake haipotei. Lakini mwanakijiji aliyezikwa chini ya tuta la udongo hana hati ila kumbukumbu ya jamaa zake. Wakihama jamaa, kaburi hubaki kichaka. Na katika nchi ya Mweru watu wamehama mara nyingi: mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ugonjwa wa malale, baadaye kwa amri ya serikali ya kikoloni iliyosogeza vijiji kandokando ya barabara, na Desemba 2000, vita vilipoifikia Pweto, maelfu walivuka kuingia Zambia.

Huenda ikadhaniwa kwamba makaburi ya watu wasiojulikana hayana faida kwa elimu. Mfano wa Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wakanusha dhana hiyo. Huko, kuanzia mwaka 1957, Nenquin, Hiernaux na baadaye de Maret walifukua makaburi zaidi ya 100. Vyungu na misalaba midogo ya shaba vilivyoonekana humo vilifunua historia ya zaidi ya miaka elfu moja, ambayo hakuna kitabu kilichoiandika.

Hata hivyo, njia ya Sanga haifai Luanza. Wafu wa Sanga hawakuwa tena na mtu wa kuwataja. Wa Luanza wangali na wajukuu. Hapa chombo cha kwanza si sepeto, ni kalamu: kuomba idhini ya wenyeji, kufuatana na wazee makaburini, kuandika jina la kila marehemu, ukoo wake, lugha yake na nchi aliyotoka, na kuchora ramani ya mahali. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni iliweka utaratibu wa kuorodhesha mahali pa kihistoria. Lakini serikali haiwezi kuorodhesha kisichotajwa.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukuta wa makaburi waweza kujengwa hata baada ya miaka 20. Mzee akifa na majina yake, hayajengeki tena.