Bandari, Kiwanja cha Ndege na Njia za Bara: Maneno Machache Juu ya Ukaguzi wa Wasafiri

Mwembesongo, ninakokaa, ni kata mojawapo ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Hapatui hapa ndege zitokazo ng'ambo, wala hapana bandari. Lakini wageni hatujapata kuwakosa. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita katika nchi hii, na mji wenye boma wa Simbamwene, aliouona Stanley mwaka 1871, ulikuwa mahali pao pa kupumzika. Reli ya Dar es Salaam ilifika mwaka 1907. Baadaye ikaja barabara kuu, na mwaka 2024 treni ya umeme. Kila kishukacho pwani hufika kwetu baada ya saa chache, na maradhi ni miongoni mwa hivyo. Basi swali la kama ukaguzi wa afya katika viwanja vya ndege wafaa kitu katika kuzuia magonjwa ya kuambukiza si swali la watu wa pwani peke yao. Nataka kulitazama kwa njia ya historia, maana mimi si tabibu. Kazi yangu ni lugha, na mambo ya utabibu nitayagusa pale tu historia yenyewe inapoyadai.

Neno karantini asili yake ni Kitaliano, nalo lahusu siku arobaini. Mji wa Ragusa, uitwao leo Dubrovnik, ulianza mwaka 1377 kuwatenga kwa siku thelathini wageni waliotoka penye tauni. Baadaye siku hizo zikawa arobaini, na jina likatokana nazo. Waswahili walikuwa na arobaini yao tangu zamani, siku ambazo mzazi hukaa ndani na kutunzwa. Hata hivyo jambo lile la bandarini hawakuliita arobaini, bali walichukua neno geni kama lilivyo. Nadhani hawakukosea. Arobaini ya mzazi ni heshima. Karantini ilikuwa amri.

Mahali palipojulikana zaidi kwa amri hiyo katika nchi zetu ni kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja. Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikipata mwaka 1893, na majengo yakajengwa huko kwa nia ya kuwa gereza. Wafungwa hawakupelekwa. Tauni ilikuwa imezuka Bombay mwaka 1896, na vyombo vya Bara Hindi vilikuwa vikiingia Unguja kila msimu. Kisiwa kikawa mahali pa kuwatenga abiria na kuwaangalia mpaka ijulikane kuwa ni wazima. Watalii bado wanakiita Kisiwa cha Magereza, jina la kazi ambayo majengo yale hayakuifanya.

Yafaa tukumbuke kwa nini ukaguzi wa bandarini ulikuwa na maana siku zile. Jahazi lililokuja kwa kaskazi lilikaa baharini kwa majuma. Aliyepanda na ndui iliyojificha mwilini, vipele vilimtoka njiani, na nahodha alipotia nanga mgonjwa alikuwa akionekana kwa macho. Safari yenyewe ilikuwa karantini. Mkaguzi hakuhitaji kifaa chochote. Bahari ilikuwa imekwisha kumfanyia kazi.

Hata hivyo bahari haikuwa mlango wa pekee. Kipindupindu kilichoua maelfu ya watu Unguja kuanzia mwishoni mwa mwaka 1869 hakikuja na jahazi la Bara Hindi. Daktari James Christie, aliyekuwa akiganga huko wakati ule, aliwauliza wafanya biashara wa misafara, mmoja baada ya mwingine, wametoka wapi na wameona nini. Akatambua ya kuwa ugonjwa ulikuwa umeshuka kutoka kaskazini kwa njia ya bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, ndipo ukavuka maji. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1876. Ninakipenda kwa sababu moja: Christie hakumpima mtu joto, aliuliza habari za safari. Upande wetu huu nao, Burton alipopita mwaka 1857 aliona njiani mabaki ya wapagazi waliokufa kwa ndui, na hapakuwa na lango la kuwazuia.

Jambo hilo lilirudi tena. Mwaka 1898, dunia nzima ikiitazama Bombay, Robert Koch alitangaza kuwa kulikuwa na tauni Kiziba, upande wa magharibi wa ziwa Viktoria, mbali kabisa na bandari yoyote. Waganda walikuwa wakiijua siku nyingi na kuiita kaumpuli. Vivyo hivyo kwa homa ya manjano. Ndege za abiria zilipoanza kupita juu ya Afrika, na mwaka 1932 njia ya Waingereza kutoka London hadi Cape Town ikapitia Kisumu, Moshi, Dodoma na Mbeya, wakubwa waliogopa kuwa mbu au msafiri mmoja angeibeba homa hiyo kutoka Afrika ya Magharibi. Mapatano ya mataifa juu ya afya katika safari za anga yalitiwa sahihi mwaka 1933. Wataalamu wa chuo cha utafiti kilichoanzishwa Entebbe mwaka 1936 waliitafuta homa hiyo, na mwaka 1941 wakaipata Bwamba, magharibi ya Uganda. Ilikuwa ndani ya nyumba wakati mlango ukilindwa.

Lakini ndege ilibadili jambo jingine kubwa zaidi: iliondoa majuma ya baharini. Ebola huweza kujificha mwilini siku 2 hadi 21, na ndege haikai angani hata siku moja. Mwaka 2014, katika miezi miwili ya mwanzo ya kukagua wasafiri waliokuwa wakitoka Guinea, Liberia na Sierra Leone, watu wapatao 36,000 walipimwa. 77 walizuiwa, na hata mmoja wao hakuonekana na Ebola. Wengi walikuwa na malaria. Wakati huohuo msafiri mmoja aliondoka Monrovia tarehe 19 Septemba akiwa hana homa, akaugua alipokwisha fika Marekani. Kanada nayo mwaka 2003, wakati wa SARS, ilikagua watu mamilioni katika viwanja vyake, isipate mgonjwa hata mmoja.

Kwetu mfano ni wa karibu mno. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 katika Tanzania alitua Kiwanja cha Kilimanjaro tarehe 15 Machi 2020 akitoka Ubelgiji. Alikaguliwa, akaonekana hana homa, akapita. Akiwa hotelini Arusha alijisikia vibaya, akaenda mwenyewe hospitali ya Mount Meru, na habari ikatangazwa kesho yake. Hapana wa kulaumiwa. Kipimajoto kilisema kweli. Kilichomgundua ni mgonjwa aliyejitambua, na hospitali iliyojua la kufanya.

Sisemi ukaguzi haufai kabisa. Mgonjwa ajuaye kuwa atapimwa pengine ataahirisha safari. Na mataifa yaliyotaka kuwafungia njia Waafrika wa Magharibi mwaka 2014 yalipata sababu ya kutofanya hivyo. Fomu ya jina na makao, ikitunzwa vema, yaweza kuwa na thamani kuliko kamera, kwa sababu humpata mtu hata siku ya kumi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho ni kitu kingine, maana huuliza kinga, hakiulizi joto. Ninachokikataa ni kuweka fedha langoni na kuinyima zahanati. Mwezi wa Juni 2019 Ebola iliingia Uganda kutoka Kongo na jamaa waliovuka kwa njia za panya karibu na Mpondwe. Watumishi wa hospitali ya Kagando ndio waliomshuku mtoto wao, na ugonjwa haukuenea. Marburg iliyotokea Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025, haikuletwa na ndege.

Nami nina la kukiri. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikirudi kutoka mkutano wa wanaisimu huko Ulaya, mwili ukiniuma. Nilimeza vidonge viwili vya kutuliza homa kabla ya kushuka, si kwa hila, bali kwa maumivu. Nikapita mbele ya kamera nikiwa baridi kama mtungi. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja mjini Morogoro. Muuguzi aliniuliza jina, umri na kata, akanipima malaria, ikawa hakuna. Nikamwambia kuwa nimetoka safari. Alitazama daftari lake, akageuza ukurasa, akarudi. Mwisho aliandika jina la nchi pembeni, kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya jambo hilo.