Sikio, uma na kompyuta: nani huamua kuwa ala imepatana?

Mpiga ilimba wa Ugogo, katikati ya Tanzania, akiiweka ala yake mbele ya simu yenye programu ya kupatanisha sauti, huenda akaambiwa kwamba ameharibu kazi. Mshale kwenye kioo cha simu hautatulia katikati. Katika sauti mojawapo utaegemea kushoto kwa takriban senti 31, karibu theluthi moja ya nusu hatua ya piano, na taa nyekundu itawaka. Hata hivyo mpigaji hakukosea. Yeye na programu hiyo hawatumii kipimo kimoja, na chanzo cha tofauti hiyo kinarudi nyuma zaidi ya karne moja, hadi mjini London.

Mwaka 1885 msomi wa Kiingereza Alexander John Ellis alichapisha utafiti wake juu ya ngazi za muziki za mataifa mbalimbali. Ellis aliigawa oktava, yaani umbali kati ya sauti moja na ile yenye mitetemo maradufu, katika sehemu ndogo 1,200 alizoziita senti. Kila nusu hatua ya piano ikapata senti 100 kamili. Cha ajabu ni kwamba Ellis mwenyewe hakuwa na sikio la muziki. Alimtegemea Alfred Hipkins, mtaalamu wa kupatanisha piano, amsikilizie. Hitimisho lake lilikuwa la kijasiri kwa zama zile: hakuna ngazi moja ya muziki iliyowekwa na maumbile, bali ziko nyingi na kila moja ina utaratibu wake. Lakini kipimo alichokibuni ili kuonyesha wingi huo kilitokana na piano, na ndicho kipimo ambacho programu nyingi za leo zinakitumia.

Vifaa vilifuata. Mwaka 1936 kampuni ya Conn ya Marekani ilileta sokoni Stroboconn, mtambo wenye visahani vinavyozunguka mbele ya taa inayomulika na kuzima kwa kasi ya sauti inayopimwa. Kisahani kikionekana kimesimama, sauti imepatana. Mwaka 1939 mkutano wa kimataifa mjini London ulikubali kwamba nota ya A iwe na mitetemo 440 kwa sekunde. Mwaka 1975 kampuni ya Korg ya Japani ikatoa kifaa kidogo cha mkononi chenye mshale. Kilichobaki kilikuwa ni kompyuta, na njia yake ilikwishafunguliwa mwaka 1965, pale Wamarekani James Cooley na John Tukey walipochapisha mbinu ya hesabu inayoichambua sauti kwa haraka na kuonyesha mitetemo iliyomo ndani yake.

Katika Afrika, kazi ya kupima ilifanywa kwa zana nyepesi zaidi. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka na gari lake la kurekodia kutoka Kongo hadi Zanzibar akiwa na sanduku la nyuma 54 za sauti, yaani vyuma vyenye meno mawili ambavyo kila kimoja kikigongwa hutoa sauti moja isiyobadilika. Uma wa kwanza ulikuwa na mitetemo 212 kwa sekunde, wa mwisho 424, na kila mmoja ulimzidi mwenzake kwa mitetemo minne. Tracey aligonga uma, akagonga ubao wa marimba au ulimi wa chuma wa mbira, akasikiliza, kisha akaandika namba. Kwa njia hiyo alikusanya vipimo vya ala nyingi ambazo mafundi wake wamekwisha kufariki.

Namba hizo zahitaji kusomwa kwa tahadhari. Mitetemo minne si umbali uleule kila mahali: katika nyuma za chini ni takriban senti 32, na katika zile za juu ni nusu yake tu. Anayezichukua namba za Tracey leo na kuzigeuza kuwa senti kwa kompyuta hupata tarakimu zinazoonekana kuwa sahihi mno, ilhali usahihi huo haukuwepo pale sikio la mtu lilipoamua.

Na namba zilibebeshwa mzigo mzito. Mwaka 1964 padri na mhadhiri A. M. Jones alichapisha kitabu kilichodai kwamba marimba za Afrika zilitokana na Indonesia, na ushahidi wake mmojawapo ulikuwa mfanano wa vipimo vya sauti. Wataalamu wengi hawakuridhika, kwani ngazi mbili zinaweza kukaribiana bila moja kuizaa nyingine. Historia ya watu ilikuwa ikitaka kuandikwa upya kwa kutegemea tofauti ambazo pengine fundi mwenyewe hakuzijali.

Tracey mwenyewe aliacha fumbo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Katika miaka hiyohiyo alianza kutengeneza na kuuza kalimba, na kalimba hiyo aliipatanisha kwa ngazi ya Kizungu ya do-re-mi ili wanunuzi wa ng'ambo waipige nyimbo walizozizoea. Mtu aliyetumia maisha yake kuandika ngazi za Waafrika ndiye aliyeieneza duniani ala ya Kiafrika isiyokuwa nazo. Ni vigumu kumlaumu, kwani alihitaji soko; lakini ni vigumu pia kutoona kinaya chake.

Uganda ilitoa somo jingine. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, aliandika mwaka 1950 katika jarida la Nature juu ya kinubi cha Waganda, ennanga, kilichopatanishwa kwa hatua tano zinazokaribia kulingana. Senti 1,200 zikigawanywa kwa tano ni 240. Kwenye piano hakuna hatua kama hiyo. Hatua nzima ni 200 na inayofuata ni 300. Ukiilazimisha ennanga ifuate mshale, kila hatua yake lazima inyooshwe au ifupishwe.

Ngazi ya Ugogo ina asili tofauti kabisa. Mtafiti wa Austria Gerhard Kubik alieleza kwamba Wagogo hupata sauti zao kutoka katika sauti ndogo zilizojificha ndani ya sauti moja nene, zile zenye mitetemo mara nne, tano, sita, saba, nane na tisa. Ile ya saba ndiyo inayoutatiza mshale: iko kwenye senti 969, ilhali piano ina 1,000. Waliomsikia Dakta Hukwe Zawose, mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo aliyefariki mwaka 2003, wanaijua sauti hiyo hata kama hawajui namba yake.

Jambo linalofanana na hilo liliwahi kuwagawa Waarabu. Katika mkutano wa muziki wa Kiarabu wa Cairo mwaka 1932, wajumbe walibishana iwapo oktava ikatwe robo hatua 24 zilizo sawa. Hawakukubaliana. Mzozo huo unawahusu wapenzi wa taarabu, kwa kuwa kanuni, udi na fidla zaweza kupita katikati ya sauti za piano, lakini kinanda cha umeme cha kawaida, kilichotawala taarabu ya kisasa tangu miaka ya 1990, hakiwezi mpaka kibadilishwe mpangilio wake.

Kubadilisha inawezekana. Mwaka 1992 ulikubaliwa utaratibu wa kidijitali wa kukiagiza kinanda cha umeme kitumie ngazi yoyote. Mholanzi Manuel Op de Coul alitunga Scala, programu ya kubuni na kulinganisha ngazi. Na mjini Ghent, Ubelgiji, Joren Six na Olmo Cornelis walitengeneza Tarsos, programu ya bure waliyoitumia kwa rekodi za makumbusho ya Tervuren, ambako umehifadhiwa muziki mwingi wa Kongo, Rwanda na Burundi. Tofauti yake na programu za simu ni ya msingi: Tarsos haianzi na nota kumi na mbili na kuuliza nani amekosea. Husikiliza rekodi nzima, huhesabu ni sauti zipi zimerudiwa zaidi, kisha huchora vilele vya sauti hizo. Ngazi hutoka kwa mpigaji, si kwa mashine, na inaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye kinanda.

Faili la Scala la ngazi ya Wagogo ni maandishi matupu ya mistari michache. Sehemu ya ngazi yenyewe ni mistari mitano tu: 9/8, 5/4, 3/2, 7/4 na 2/1. Programu inayokubali kusomeshwa mistari hiyo itauacha mshale utulie katikati.